Kura ya Ziwa Lisilo na Ramani

Mwezi uliopita mke wa mwanangu alifungua sanduku la mablanketi, harufu ya dawa ya nondo ikanipiga puani. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya vitabu. Ndivyo vilivyonukia vitabu vitano vilivyoletwa shuleni kwetu kando ya ziwa, karibu na Kisegi, miaka ile ya sitini, bendera ikiwa bado mpya na kila mtu akitaka kupigia kura kila jambo.

Vilikuwa vya Kiingereza, vyote hadithi za safari na hatari. Mwalimu wetu wa darasa la sita, Mwalimu Chacha, alikuwa Mkuria kutoka vilima vya upande wa Isebania. Kijaluo kilimshinda, basi alizungumza nasi Kiswahili. Alisema kila Ijumaa alasiri angetusomea kitabu kimoja na kutufasiria, na sisi tungekichagua kwa uzuri wa jina, maana hakuna aliyekuwa amesoma hata kimoja. Akaandika ubaoni: Upanga wa Nahodha, Siku Arobaini Jangwani, Mlima wa Moshi, Farasi wa Jenerali. Cha tano akakirudisha sandukuni.

"Na hicho, mwalimu?" nikauliza.

"Hicho kizito kidogo, Akinyi. Chagueni katika hivi vinne."

"Lakini kinaitwaje?"

Akasita. "Ziwa Lisilo na Ramani."

Darasa zima likapiga kelele. Ziwa! Sisi tuliooga humo, tukanywa humo, tukala vya humo! Tulimsumbua mpaka akaliandika. Mimi nikafanya kampeni kama mheshimiwa, nikiwaahidi wasichana wenzangu njugu za kuchemsha. Kila mtoto akatumbukiza punje ya mahindi katika mkebe wa jina alilolipenda, na mkebe wa Ziwa ukakaribia kujaa. Mwalimu alihesabu mara mbili, kama mtu anayetumaini amekosea.

"Kura ni kura," akasema.

Ijumaa mbili za kwanza zilikuwa tamu ajabu. Mzungu mwenye bunduki alivuka nyika, akaugua, akapona, akapoteza punda. Nyumbani nilimsimulia Dani, ndivyo tulivyomwita nyanya, mpaka Ijumaa ya tatu akaja mwenyewe na kikapu chake. Mwalimu akamwekea kiti karibu na mlango, akaniketisha kando yake nimtafsirie.

Siku hiyo msafiri alifika ziwani. Tulisikia habari za samaki walioanikwa juani, za viboko waliotoka majini kula mashamba ya watu. "Ni kwetu!" mtu akapaza sauti, tukapiga makofi. Sisi, ndani ya kitabu!

Mwalimu hakutabasamu. Akaendelea kwa sauti ya chini: "Watu wa hapa hawana meno ya chini. Ni wanyama waliojifunza kusimama. Wakicheka, huoni uso, waona shimo."

Makofi yakakatika. Dani aling'olewa meno sita ya chini akiwa msichana, kama wazee wetu wote wa rika lake.

"Amesema nini?" akaniuliza.

Nikainamisha kichwa.

"Akinyi, mjukuu wangu. Amesema nini?"

Nikamwambia yote, machozi yakinitoka. Mimi ndiye niliyekitafutia kura kitabu kile.

Dani akanigeukia. "Muulize mwalimu, siku hiyo huyo mgeni alikula kwa nani?"

Nikauliza. Mwalimu akarudi ukurasa mmoja nyuma, kidole chake kikitembea juu ya mistari. "Mwanamke mmoja alimpikia samaki," akasema. "Akampa na pa kulala."

"Kitabu kinamtaja jina?" Dani akauliza kupitia kwangu.

Hakikumtaja. Dani akachukua kikapu chake, akamshukuru mwalimu kwa adabu, akaenda zake.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu alituuliza kama tubadilishe kitabu. Tukakataa, tulitaka kuona kiboko akimmaliza yule mzungu. Kiboko hakutokea. Msafiri alipanda vilima vya kusini, na huko, mwalimu akasoma kwa sauti ileile, aliwakuta watu ambao masikio yao yananing'inia kama ya mbuzi.

Tukacheka. Mungu atusamehe, tulicheka mpaka madawati yakatikisika, na mimi kuwashinda wote, kwa raha ya kwamba safari hii si sisi. Mwalimu akasubiri tumalize. Kisha akafungua ukurasa mwingine, ndewe za masikio yake zilizotobolewa na kuvutwa tangu ujana zikining'inia huku na huku, mbele yetu watoto arobaini na kitu tusioona lolote.

Nilikuwa mwalimu mwenyewe, na watoto wawili, siku jambo hilo liliponijia katikati ya somo. Nikaiweka chaki chini. Alikuwa amekisoma kitabu kile chote kabla yetu. Aliujua ukurasa wetu, na aliujua wake, na bado aliiheshimu kura ya watoto.

Nilimwandikia barua ndefu ya kuomba radhi. Jibu lake lilikuwa na maneno mawili: "Mlikuwa watoto."

Ndiyo, tulikuwa watoto. Lakini nilikuwa na miaka kumi na miwili, na ilikuwa imepita wiki moja tu tangu nilie kando ya Dani.