Mektilda na Kompyuta za Chogo

Xavery alipomwacha mkewe Mektilda, alibaki na duka. Ilikuwa steshenari yao wote wawili, pale Isevya, Tabora mjini. Xavery alikaa mbele akichekesha wateja, Mektilda akakaa nyuma akitengeneza mashine. Siku aliyomleta mwanamke mwingine akae kaunta, alizitoa barazani kompyuta sita za zamani, zile nzito za chogo, zenye mgongo mrefu nyuma ya kioo, ambazo Mektilda alizinunua shule moja ilipozitupa.

"Chukua makopo yako," alimwambia mbele ya watu. "Wewe na hayo mmezeeka pamoja."

Mektilda hakulia. Aliita mkokoteni, akazipeleka nyumbani kwa mama yake, Bernadeta, akazipanga sebuleni. Kisha akakaa kuzitazama, akiwaza jinsi zitakavyommaliza yule mwanamume.

Zilikuwa zinawaka vizuri, ila hazikuwa na njia ya kuingia mtandaoni. Zilitengenezwa kabla ya Wi-Fi, na hata tundu la flashi hazikuwa nalo. Nyuma ya kila moja palikuwa na tundu la kizamani la pini tisa, basi. Mektilda akaagiza Kariakoo vikadi vidogo vya Wi-Fi, vikaja kwa basi. Cha kwanza alikiunga moja kwa moja kwenye zile pini, kikatoa moshi, kwa sababu umeme wa mashine ulikuwa mkali mno kwake. Cha pili nacho kikaungua. Kila kilipoungua alimtaja Xavery kwa jina, wala si kwa kumwombea heri.

Ndipo alipong'oa chipu kwenye modemu mbovu, akaiweka katikati ipunguze ule umeme, akalehemu upya, akakiandikia kikadi maelekezo yake, akavifungia vyote ndani ya kisahani cha sabuni chenye kifuniko. Mchana huo aliandika kwenye kompyuta ya chogo: *Xavery, utanitambua.* Maneno yakatokea kwenye simu yake. Akayasoma kwa sauti.

"Nani kakuandikia?" Bernadeta aliuliza kutoka jikoni.

"Ni mimi mwenyewe, mayu."

Akatengeneza adapta nyingine tano, akapanga fremu ya biashara inayotazamana na duka la Xavery. Mwanzoni watu walizicheka zile chogo. Lakini ukikaa pale, barua yako ilichapwa ikaingia moja kwa moja kwenye simu yako, bila flashi.

Na flashi ndiyo siri aliyoificha Mektilda. Kompyuta za Xavery zilijaa virusi. Zamani yeye ndiye aliyezisafisha kila Jumamosi. Alipoondoka, hakuna aliyejua hata pa kuanzia. Asubuhi moja alimwona mwalimu Nestory akiingia kwa Xavery na mitihani ya darasa zima kwenye flashi. Angeweza kumwita amwonye. Aliendelea kunywa chai yake. Haukupita muda, mwalimu akawa katikati ya barabara, kaishika flashi juu kama mtu aliyeshika panya mkiani, akipiga kelele kwamba kazi yake yote imeliwa. Mektilda akamimina kikombe cha pili.

Wateja wakavuka barabara. Masika hayajaisha, Xavery akawa amefunga, na yule mwanamke ameshakwenda zake. Xavery akahamia Usoke, kwa wakulima wa tumbaku, akafungua karibu na stesheni ya treni.

Habari zilipomfikia, Mektilda alianza kufunga kompyuta mbili kwa blanketi.

"Umeshinda, mwanangu," mama yake alisema. "Tulia sasa."

"Sijashinda, mayu. Amehama tu."

Bernadeta hakumsaidia kufunga kamba. Alirudi jikoni, na hakutoka hata kumuaga.

Siku Mektilda alipopandisha kibao chake Usoke, mbele kabisa ya mlango wa Xavery, mumewe alivuka njia. Alikuwa amekonda. Aliitazama kompyuta moja, akakitazama kisahani cha sabuni kilichoning'inia nyuma yake.

"Mpaka wapi, Mektilda?"

"Reli inafika Kigoma. Chagua stesheni."

Xavery aligeuka. Alirudi dukani kwake, na kabla tumbaku ya msimu uliofuata haijaanza kuvunwa, alikuwa ameuza mashine zote. Siku hizi ana shamba la kukodi nje ya kijiji, na mikono yake imeshika weusi wa utomvu wa majani.

Hawajaachana kanisani, wala hawasemezani. Jumapili wanasali kigango kimoja, pale pale Usoke. Padri akisema watu wapeane amani, Xavery hugeuka na kunyoosha mkono. Mektilda huanza na mama wa benchi la nyuma, kisha watoto, kisha bibi aliye kando ya ukuta, mmoja mmoja, bila haraka, mpaka kwaya inaanza kuimba na watu wanapiga magoti.