Rupia Nyeusi ya Mzee Luhende

Ndiyo, ni mimi niliyesugua rupia ya Mjerumani kwa stilwaya, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana mtaa wetu wa Nyasubi, hapa Kahama, umeshacheka wote na kibanda changu bado nafungua kila asubuhi. Aibu niliiona, sikatai. Ila nitaisimulia mwenyewe, kwa sababu wanaoisimulia stendi wameongeza mpaka tindikali, na tindikali sikuigusa.

Mimi nanunua dhahabu. Mchimbaji akiniletea kipande kilichochanganywa na shaba namrudishia kabla hajakaa (waulizeni, wananijua). Lakini jicho la dhahabu lina ugonjwa wake: linaamini madini ya kweli hayapigi weusi, kwa sababu dhahabu hata uifukie miaka mia, ukiifukua inakutazama vilevile. Hapo ndipo nilipoanguka.

Asubuhi hiyo akaja Mzee Luhende kutoka Ushirombo. "Mwangaluka, Mama Kulwa," alinisalimia Kisukuma. Nikamwamkia shikamoo, akaketi, akafungua kitambaa. Rupia mbili, sarafu za enzi ya Mjerumani, moja nyeusi kama tako la sufuria, nyingine nyeupe inametameta.

"Hii nyeusi aliniachia baba," alisema. "Ndugu zangu wanasema ya kweli niliiuza, nikaweka ya bandia. Jumapili tuna kikao cha ukoo. Hii nyeupe nimeinunua mnadani, uzilinganishe. Niambie kweli, nijue la kuwajibu."

Nikapitisha sumaku, haikunasa hata moja. Mizani ilikuwa hapo mkononi, jamani, mizani ninayopimia hata vumbi, na sikuigusa, kwa sababu wanunuzi wenzangu walishajaa mlangoni na mdomo wangu ukatangulia. "Baba, fedha ni hii nyeupe. Hiyo nyeusi ni bati." Watu wakacheka, nami nikanogewa, nikainunua ile nyeupe hapohapo ili waone kwamba neno langu nalisimamia. Mzee alikunja kitambaa chake. Aliisogeza ile nyeusi upande wangu, akasema, "Kama ni bati, kaa nayo," akaondoka kwenda kusubiri gari.

Nikaipeleka ile nyeupe kwa Mzee Bharat, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye hukusanya sarafu za kale na kuzipanga kwenye kitabu. Akaidondosha juu ya kioo cha kaunta, ikalia ko, ikanyamaza. Akanionyesha mshono ukingoni, alama ya kumiminwa kwenye kalibu. Akaipima na ya kwake, ikawa nyepesi.

"Hii ya juzi tu, Mama Kulwa. Fedha ikikaa inapiga weusi. Huyo mzee hakuwa na nyingine?"

(Methali ya si kila king'aacho ni dhahabu naijua, nimewatolea wachimbaji mara ngapi sijui.)

Nikarudi mbio kibandani, na hapo ndipo nilipojimaliza. Niliona haya kupeleka ile nyeusi, chafu vile, kwenye kaunta ya mtu wa heshima. Nikachukua stilwaya, majivu na ndimu, nikasugua kama nasugua masufuria ya msibani, mpaka yule Mjerumani mwenye kofia ya tai aliyechorwa juu yake akabaki pua tu. Nikairudisha nikijisifu. Mzee Bharat akaidondosha, ikalia mlio mrefu mtamu. Akaipima, sawasawa. Mimi nacheka, yeye hacheki.

"Ni ya kweli," alisema. "Lakini weusi ule ulikuwa ngozi yake, umeichuna. Kitabuni kwangu haiingii."

Nikaenda stendi na kanga imenivuka begani. Mzee Luhende alikuwa ameshakaa dirishani. Nikasema mbele ya abiria wote, kwa sababu nilikuwa nimemwaibisha mbele za watu: "Baba, nilikosea. Hii ya baba yako ndiyo fedha." Wakaangua kicheko. Yeye aliigeuzageuza kiganjani, machozi yakimlengalenga.

"Mama Kulwa, ndugu zangu wanaijua nyeusi. Nikiwapelekea hii, si ndiyo watasema nimebadilisha?"

Kicheko kikakatika. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Kahama ni ngumu, tunaijua sisi tunaoichimba.

Basi Jumapili nikapanda gari kwenda Ushirombo, na mizani yangu, na rupia nyeusi niliyoazima kwa Mzee Bharat, na ile stilwaya yenyewe. Nikawaonyesha stilwaya, nikakiri ni mimi niliyeuchuna ule weusi, kisha nikazipima rupia zote mbili mbele ya ukoo, nikazidondosha moja moja juu ya jiwe wasikie. Kaka yake mkubwa akanitazama.

"Wewe ndiye uliyesema ni bati?"

"Ndiye."

"Na leo unasema ni fedha. Tukuamini lipi?"

"Niaminini la leo," nikamwambia. "Lile la kwanza lilinipa sifa. Hili nimepanda gari kuja kulilipia kwa aibu."

Kaka mkubwa aliinama. Kisha akaiokota ile ya baba yao, akamwekea mdogo wake kiganjani, akakifunga kwa mikono yake miwili.

Wakati wa kuondoka, Mzee Luhende aliniuliza kama itarudi kuwa nyeusi. Nikamwambia itarudi, ila taratibu, labda wajukuu ndio watakaoiona. Akaifunga kwenye kitambaa chake.

Kwa hiyo niiteni Mama Stilwaya, naitika. Ila kitu cha mtu sikisugui tena, na mdomo wangu siku hizi unasubiri mizani.