Maboksi Sita ya Mtumba

Walisema sitaweza. Jirani mmoja pale Mfaranyaki alisema Songea haina wanamuziki wa kutosha kumlisha hata kuku wa fundi spika. Mwingine, niliyesoma naye shule ya msingi, alisema ukiona mtu amerudi kutoka Dar es Salaam na cheti badala ya gari, ujue jiji limemtapika. Kaka yangu alikuwa mpole zaidi: "Mdogo wangu, tafuta kazi ya kuajiriwa. Spika mbovu ni mbovu tu."

Nina stashahada ya elektroniki, na nilifaulu vizuri kuliko wengi wa darasa langu. Sijivuni, cheti kiko ukutani, anayetaka akakisome. Tena kabla ya kurudi nyumbani nilifanya kazi miaka kadhaa kwa watu wanaokodisha muziki wa harusi, nikabeba, nikafungua na kufunga spika za kila umbo. Sijakutana na fundi Songea nzima anayenizidi kwa spika, na nimewatafuta.

Kilichokosekana ni mtaji. Nilikopa kwa watu watatu. Wa kwanza ni fundi seremala, mzee aliyenipa kona ya karakana yake pamoja na mbao na gundi, nilipe baadaye. Wa pili ni kaka yangu yule yule, ambaye nadhani alinikopesha ili apate haki ya kusema "nilikuambia". Wa tatu, na mzito kuliko wote, ni mama yangu mdogo anayelima mahindi Matogoro. Alinipa pesa aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya mbolea.

"Nakuazima, sikupi," aliniambia. "Mvua za kupandia zikinikuta sina mbolea, mwanangu, mwakani tutapika hicho cheti chako."

Nikapanda basi kwenda Dar kuchagua maboksi ya spika ya mtumba kutoka Ulaya, nije kuyatengeneza na kuyauza. Wanamuziki wengi huchagua boksi la spika kama wanavyochagua ng'ombe, wanaangalia ukubwa. Mimi huanza kwa kunusa. Boksi lililonyeshewa mvua linanuka kama godoro bichi, hata likipakwa rangi mpya. Kisha nalibishia hodi kwa vidole, toka juu mpaka chini. Mbao nzima inajibu kwa sauti moja. Palipoachia panajibu kama debe. Mwisho naisukuma koni, ile karatasi inayotetema katikati ya spika, taratibu kwa mikono miwili huku nimetega sikio. Nikisikia mkwaruzo, naiacha, hata muuzaji aape kwa jina la mama yake.

"Kaka," muuzaji mmoja aliniambia, "unanunua spika au unampima mgonjwa?"

"Nampima mgonjwa, na ndugu wa mgonjwa ni wewe. Punguza bei."

Alipunguza. Niliondoka na maboksi sita, yakasafiri kwa lori mpaka Songea, nami nikayapokea kama mtu anayepokea wakwe.

Tuliyatengeneza kwa wiki tatu. Pembe zilizopondeka seremala alizikata na kuziunga upya, huku akilalamika kwamba Wazungu wanatengeneza vitu kwa makapi ya mbao. Alitaka anichongee maboksi mapya ya mninga. Nilimwambia boksi la mninga litahitaji trekta kulifikisha ukumbini. Koni zilizochanika niliziziba kwa karatasi laini na gundi. Palipovuja hewa nilipagundua kwa mshumaa: unapiga muziki, unaupitisha mwali kwenye maungio, ukitikisika tu hapo ndipo penye tundu.

Habari zilimfikia kiongozi wa bendi moja ya Tunduru, inayopiga kwenye harusi na kumbi za wachimba madini. Akaja kwa basi kusikiliza maboksi manne. Mama mdogo naye alifika siku hiyo, eti kunisalimia. Alikaa kwenye gogo, akawa anatazama mawingu juu ya milima ya Matogoro kuliko alivyonitazama mimi. Mawingu yalikuwa meusi tayari.

Niliwasha boksi la kwanza. Besi ikapiga kifuani, kiongozi wa bendi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaunganisha la pili. Besi ikapotea. Nikaongeza sauti, zikaja kelele za juu tu, nyembamba kama redio ya mkulima.

"Fundi," kiongozi wa bendi akauliza, "haya mawili yamegombana?"

Nikasema ni ukuta unaorudisha sauti. Nikayageuza. Nikasema basi ni umeme, umeme mdogo.

"Umeme ulikuwa mzima sasa hivi," seremala akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye randa yake.

Ndipo mama mdogo, aliyeimba kwaya ya kanisani tangu sijazaliwa, akasimama na kujifunga kanga vizuri.

"Hebu zima hilo la kushoto." Nikazima, besi ikarudi. "Washa." Ikapotea. "Unaona? Ni kama sauti ya nne, ile ya besi, ikigawanyika kwenye kwaya. Nusu wanaimba, nusu wanavuta pumzi. Hili linasukuma, lile linavuta."

Nilichukua betri ya tochi na kuigusisha kwenye waya za boksi la kwanza. Koni ikaruka mbele, kama inavyotakiwa. Nikaenda kwenye la pili. Koni ikaingia ndani.

Chuoni nilifundishwa kwamba waya mwekundu ni chanya, nami niliunga mwekundu kwa mwekundu katika maboksi yote sita bila kupima hata moja. Fundi aliyenitangulia, huko yalikotoka, hakusoma chuo changu, aliunga alivyopenda. Kosa hili hufanywa na msomi tu. Fundi wa mtaani haamini rangi, hupima kila kitu. Siku hizi nami napima kila kitu, kwa hiyo nina elimu zote mbili.

Nikageuza waya. Nilipopima mengine nikakuta moja zaidi lililopinduliwa, nalo nikaligeuza. Kisha nikawasha yote manne kwa pamoja. Kopo la misumari likaanza kutembea lenyewe juu ya meza ya seremala mpaka likaanguka.

"Hapo sasa!" kiongozi wa bendi akapiga kelele. Halafu akakumbuka kwamba yeye ni mnunuzi. "Ila nimekuona ukikosea, mkuu. Nipunguzie."

"Umeniona nikirekebisha pia. Hiyo sikulipishi. Bei ni ile ile."

Alilipa, akayapakia siku hiyo hiyo. Mawili yaliyobaki yalichukuliwa na kwaya ya mama mdogo, na sikuhitaji kuuliza nani aliwashawishi.

Jumamosi iliyofuata nilivaa nikatoka kwenda kulipa. Nilianza na seremala. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akatia pesa mfukoni bila kuzihesabu. Nilipogeuka tu akaniita: "Na kopo la pili la gundi?" Nikalipa na hilo.

Kaka nilimkuta nyumbani kwake, nikahakikisha shemeji yupo anasikia.

"Mbona mapema hivi?" akauliza.

"Mimi silazi deni la mtu, kaka."

Shemeji akacheka, kaka akajifanya anamwita kuku.

Mwisho nikapanda bodaboda mpaka Matogoro. Mama mdogo alikuwa shambani akiandaa matuta, udongo mkavu bado. Nikampa pesa zake. Alilamba kidole, akazihesabu. Akahesabu tena. Akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Zimetimia," akasema. "Jumatatu nafuata mbolea." Kisha akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akanigeuza anikague na mgongoni kama mtoto anayepelekwa shule. "Sasa baba, nenda mjini ukanunue shati. Hili limejaa gundi."

Nilinunua mawili.