Mgomba Kwenye Ramani ya Babu

Mwezi uliopita niliingia katika duka la samani karibu na Porte de Namur, hapa Ubelgiji, kutafuta meza ya kulia, nikakutana na harufu ya nta ya kung'arishia mbao. Nta ile ya njano, ya mkebe, yenye utamu wa asali na ukali wa tapentaini. Hata bei sikuuliza. Nilitoka nimekunja uso, muuzaji ananiita nyuma, madame, madame, na mimi nimesimama kando ya barabara na utu uzima wangu wote, nimejaa hasira ya mtoto wa miaka kumi na mmoja. Utasema nina makuu. Nisikilize kwanza.

Harufu hiyo aliileta nyumbani kwetu, mtaa wa Schaerbeek, Maman Furaha, jirani yetu wa ghorofa ya chini, tena wa kanisa letu. Kazi yake ilikuwa usafi katika nyumba moja ya mnada mjini. Kutwa alisugua makabati ya kale, saa za ukutani zisizokwenda na viti ambavyo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuvikalia. Jioni alipanda kwetu kunywa chai, mikono ikinuka nta, na mama alikuwa akimtania kwamba hata ndizi akizimenya zinang'aa. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Tulikuwa na mwaka na nusu tangu tushuke kwenye treni pale Gare du Midi na mifuko miwili. Papa, aliyekuwa mwalimu Bukavu, sasa alikuwa anaosha sufuria katika jiko la hospitali, na usiku ananisahihisha mwandiko kwa ukali uleule wa darasani.

"Papa Bisimwa," Maman Furaha alisema siku moja kabla hata hajakaa, "leo niliona kilima yenu ku ukuta. Jina yake njo ile ile. Na pembeni ya nyumba moja bamechora mugomba kidogo, paka moya."

Ramani yenye mgomba mmoja tu! Papa aliweka kikombe chini polepole.

Hadithi ya mgomba ule tuliijua nyumbani kwetu kama tulivyojua Baba Yetu. Babu, baba yake papa, alikuwa kijana aliyebeba mnyororo wa Mzungu mpima ardhi. Mzungu akashikwa na homa, akalala hemani wiki nzima, na babu, ambaye mapadri walikuwa wamemfundisha kuandika na kuchora, akamaliza ramani peke yake. Alichora mito, njia na nyumba zote za kilima. Kando ya nyumba ya mama yake akaongeza mgomba mmoja, ambao hakuna aliyemwagiza. Mzungu alipopona aliichukua ramani akaenda zake. Babu alikufa kabla sijazaliwa. Picha zake tuliziacha tulipokimbia, pamoja na kila kitu kingine, na kaburi lake lilikuwa mahali ambapo hatukuweza kwenda. Hapakuwa na kitu kingine chochote duniani kilichobaki cha mkono wake.

Jumamosi papa alinichukua kwa sababu Kifaransa changu cha kuongea kilikuwa kimeshapita chake. Kabla ya mnada, watu huruhusiwa kutazama vitu bure. Tulipita katikati ya madawati ya uandishi yenye miguu iliyopinda, masanduku ya barua za kikoloni zilizofungwa kwa utepe, ramani za Afrika zenye wanyama mahali pa watu. Ile yetu ilikuwa imetundikwa juu ya kabati, ndani ya fremu ya dhahabu nene kuliko mkono wangu. Mgomba ulikuwepo. Majani matano, moja limevunjika. Papa alivua kofia.

Chini yake palikuwa na kikaratasi. Nilimsomea: ramani ya mkono, Kivu, mchoraji hajulikani, fremu nzuri sana.

"Hajulikane na nani?" papa aliuliza. Sauti yake ilifanya mlinzi ageuke. "Miye namujua! Alinilea!"

Mpaka leo naona ni swali ambalo nyumba zote za namna ile zingepaswa kuandikiwa mlangoni. Hajulikani na nani? Fremu waliijua. Walijua ni ya mbao gani na karne gani. Juu ya aliyechora kilima kizima kwa mguu na jicho, hawakuwa hata na haya ya kuandika kwamba hawakuuliza.

Sasa lazima nieleze jambo moja, la sivyo hutaelewa kilichotokea. Kwetu, penye baraza, mwenye haki hasemi wa kwanza. Huwaacha wengine wamwage yao yote, hata ya upuuzi. Kisha mkubwa anagonga, kimya kinaingia, na mwenye neno anasimama. Papa aliendesha hivyo hata mikutano ya harusi sebuleni kwetu, akigonga meza kwa kijiko cha mboga. Aliyeropoka mapema alihesabiwa kuwa hana haki, ana kelele tu.

Kwa jioni tatu papa alifanya mazoezi ya neno lake mbele ya kioo cha kabati, na mimi nikimsahihisha Kifaransa. Hakutaka kupewa bure. Pesa alikuwa amezitafuta, na watu wa kanisa wakamwongezea. Alitaka kwanza ajulishe ukumbi ule kazi ni ya nani, kisha anunue kama mtu mwingine yeyote. Mama alimuuliza kwa nini asiandike barua tu. "Asiyekuwepo na lake halipo," papa alijibu, akapiga pasi suti yake mara ya pili.

Siku ya mnada tulipewa mlangoni kibao chenye namba. Papa hakushangaa. Kule commune pia, ofisi ya serikali ya mtaa tulikokwenda kuomba vitambulisho, hupewa namba, ukakaa, ukangoja kuitwa. Alinikabidhi nikishike. Tukakaa mstari wa pili, kati ya manukato ya mabibi na harufu ile ya nta.

Mtoto ana macho. Kabla havijauzwa vitu ishirini nilikuwa nimeshaelewa kwamba hakuna atakayetuita. Mtu alikuwa anainua kibao, dalali anataja bei, mwingine anainua, nyundo ya mbao inagonga, basi. Ramani yetu ilipoletwa mbele, nikamnong'oneza papa kwamba inabidi tuinue sasa.

"Bado. Acha bamalize."

"Papa, haiko vile!"

"Haraka haraka haina baraka. Hakugonga."

Vibao viwili tu viliinuka. Bei ilipanda kidogo, ikasimama chini kabisa ya pesa zilizokuwa mfukoni mwa papa. Chetu kilikuwa kwenye magoti yangu. Ningeweza kukiinua, kilikuwa chepesi. Lakini sikuwa mtoto wa kuinua mkono papa akisema bado.

Nyundo ikagonga. Na papa, kwa heshima zote, akasimama.

Alifunga kifungo cha koti. "Monsieur le président," alianza, kwa Kifaransa kile cha ubaoni, "mesdames, messieurs." Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana! Mtu akacheka. Kisha wakacheka wengi, kicheko cha chini cha watu walioshiba, na bibi mmoja akageuka kututazama kama tumeingia na kuku. Sikio langu lilikuwa linawaka moto. Nyuma yetu bwana aliyenunua alikuwa anamwambia mkewe kwamba kile kioo chao kitaingia sawasawa katika fremu ile. Kioo! Karatasi, alisema, wataona pa kuitupa.

Papa akakaa. Mnada ukaendelea na jozi ya vinara vya mishumaa.

Kwenye tramu ya kurudi Schaerbeek papa alitoa katalogi ya mnada, akakata kwa penseli maneno yale ya mchoraji asiyejulikana, akaandika jina la baba yake juu yake kwa mwandiko wa kufundishia, kila herufi na kichwa chake. Nilitazama dirishani. Nilikuwa nimekasirika hata machozi hayakutoka, na sehemu kubwa ya hasira ile, nakiri, ilikuwa juu yake. Kwa nini hakujua? Watu wote walijua.

Kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hiki kwenye harusi na kwenye matanga, na nakisimulia vizuri. Wabelgiji wale, kicheko kile, kioo kile! Watu hugonga meza. Kila neno ni kweli. Lakini kuna kipande ambacho nimekuwa nikikiruka, na pale nje ya duka la samani, pua yangu ikiwa imejaa nta, kilikuja chenyewe.

Papa hakukatizwa na kicheko. Mwalimu wa darasa la watoto sitini hakatizwi na kicheko. Dalali alikuwa ameweka nyundo chini. Alivua miwani, akainua kiganja watu wanyamaze, nao wakanyamaza. "Oui, monsieur?" alisema. "Nakusikiliza." Ukumbi mzima ulikuwa kimya, kimya kilekile cha sebuleni kwetu baada ya kijiko. Na katika kimya hicho mtu mmoja tu alisema kitu. Nilikuwa mimi. Nilivuta koti lake kwa nguvu, nikamwambia kwa Kifaransa, kwa sauti, ili wote wajue kwamba mimi ninaelewa mambo ya pale: "Papa, c'est fini. Assieds-toi!" Imekwisha, kaa chini!

Alinitazama mara moja, akakaa.

Papa amefariki, na neno lile hakulisema popote tena. Mimi nalijua lote, kwa kuwa nililisahihisha mwenyewe jioni tatu. Lilikuwa fupi. Lilisema: Ramani hii ilichorwa na baba yangu. Jina lake ni Cirhuza. Penye mgomba ndipo alipozaliwa. Sikuja kugombana na mtu, nimekuja na binti yangu, ili naye asikie likitajwa.