Papasi wa Kondoa Hawakunionja

Bwana Daktari alipofika shuleni kwetu mara ya kwanza, mwalimu alitupanga mstari akatuamuru tunyooshe vidole, kila mtu kidole kimoja, kama watu wanaojibu swali ambalo halijaulizwa. Daktari akapita na sindano yake. Tone langu, tone la jirani yangu, kila tone kwenye kipande chake cha kioo. Alipomaliza akatueleza kazi yake, kwa Kiswahili kilichotembea kama punda mwenye mzigo upande mmoja. Alisema maisha yake yote anawafuata vijidudu wanaoleta maradhi, wale wasioonekana kwa macho, na anataka kujua kwa nini mtu mmoja huanguka na jirani yake akabaki mzima. Alianza na panya huko kwao Ujerumani, akaenda kwa kondoo, kisha ng'ombe, akakaa na nyani pwani, na sasa amefika Ugogo.

Nikanyoosha mkono. "Bwana Daktari, sisi tumepandishwa cheo, au wewe umeshushwa?"

Darasa zima likatazama chini lisije likacheka. Mwalimu wetu, mtu wa pwani mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata, alinishika sikio akaendelea kulishika hata baada ya kusahau kwa nini. Daktari ndiye aliyecheka. Akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Mtumba. Laiti ningesema Zanzibar.

Sasa nieleze habari za papasi, kwa faida ya waliozaliwa kwenye nyumba za bati. Mtumba iko mashariki ya boma la Dodoma. Ukiondoka alfajiri unafika jua likiwa limeshakasirika. Tunakaa kwenye tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, ndama wanalala ndani pamoja na sisi, na katika nyufa za sakafu wanakaa papasi. Ni mdudu bapa, wa rangi ya udongo wenyewe. Hutoka gizani, hunyonya damu ya aliyelala, akarudi kwenye ufa wake. Mgeni akiumwa naye hupata homa ya kumlaza chini. Inamwachia, anaanza kujisifu kwamba amepona, inarudi. Sisi wenyeji huumwa tangu utotoni, tunaugua homa hiyo tukiwa bado hatujui kusema, na basi. Tukikua haitugusi. Ila mtu akihama, akakaa mbali muda mrefu bila kuumwa, mwili husahau. Akirudi nyumbani kwake hupokewa kama mgeni.

Kwa hiyo mtu wa kwetu akisafiri hubeba papasi wake. Bibi yangu ndiye aliyenilea, kwa sababu mama ni marehemu na baba yuko kibaruani kwenye reli, upande wa Tabora. Siku ninapelekwa shule alinitilia papasi kwenye kibuyu kidogo, pamoja na udongo wa sakafu yetu, akaziba kwa kitambaa.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo bibi wa kwetu anavyomtania mjukuu wake, "ulale nao. Usiwanyime."

"Nitamgawia hata mwalimu, mke wangu."

Sikuwahi. Mwalimu alikagua vitanda jioni ile ile, akafungua kibuyu, akaruka nyuma kama aliyekuta nyoka, kisha akakitia kwenye moto wa jiko la shule na kutusomea hotuba ya usafi hadi chakula kikapoa. Bweni letu lilipakwa chokaa juu mpaka chini. Hata sisimizi alikuwa akiingia kwa ruhusa. Tulilala kama masultani, na miili yetu ikasahau.

Shule ilipofungwa ili tukalime, nikarudi Mtumba. Bibi hakuningoja nimalize shikamoo.

"Papasi wangu wako wapi?"

"Mwalimu amewachoma."

Akanitazama kama mtu aliyeazimisha mbuzi akaletewa kamba. "Huyo mwalimu ana mama?"

"Anaye, yuko pwani."

"Mwambie mama huyo hajamaliza kazi."

Homa ilinikuta shambani, jembe mkononi. Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka mgongo ukiuma kama umepigwa rungu, bibi akinimwagia maji, na sauti yangu mwenyewe ikiimba wimbo wa shule wa kumsifu Kaisari, jambo ambalo bibi hajanisamehe. Ikaniachia. Nikala ugali na mlenda, nikacheza na ndama. Ikarudi.

Daktari naye alikuwa ametoka Kondoa, akapiga hema kijijini kwetu kukusanya damu kabla ya kushuka pwani kwa treni. Aliposikia kwamba mwanafunzi wa Mtumba ameangushwa na papasi wa Mtumba, alikuja karibu anakimbia. Akanichoma kidole homa ikiwa juu, akanichoma tena iliposhuka. Nilipopata nguvu ya kusimama aliniita hemani, akaniinamisha kwenye hadubini yake.

Niliona nyuzi nyembamba zilizojisokota, zimetulia katikati ya chembe za damu kama nyoka waliolala kwenye shamba la uwele.

"Hao ni wako," akasema.

"Sikuwaalika."

"Wamekufa sasa. Mwili wako umewaua. Huko kwetu wakubwa wangu wanasema mwili ni ngome, adui anakuja, tunapigana. Mimi nasema mwili ni mwanafunzi. Unasoma. Wananicheka."

"Basi wangu umenipita. Mimi hesabu bado."

Akacheka, kisha akaacha. Akaniambia alikuwa na mtoto wa kiume, akafa kwa ugonjwa wa koo kabla hajafika umri wangu. Dada yake alikuwa akilala naye kitanda kimoja na hakuumwa hata kikohozi. Tangu hapo ndiyo kazi yake: kwa nini huyu, kwa nini si yule. Hapo nilitafuta mzaha sikuupata.

Ningekuwa na akili ningeondoka wakati huo huo. Nilibaki, nikamwona anavuta sanduku la mbao lenye wavu wa nguo kwenye tundu moja. Ndani mlikuwa na papasi aliowachota Kondoa, kwenye banda wanapolala watu wa misafara. Alisema mwili wangu umewasoma papasi wa Mtumba. Je, unawajua wa Kondoa? Hakuna aliyeandika jibu popote duniani, na mimi, niliyepona juzi, ndiye mtu aliyekuwa akimtafuta. Ningetia mkono kwenye tundu, wangeninyonya, tungengoja.

"Na kama mwili hauwajui?"

"Utaumwa tena. Nitakutazama mchana na usiku."

"Wanaoumwa tena hivyo, wakiwa bado wamekonda, wanapona?"

"Wengi."

Hilo "wengi" lilinitosha. Nikamwambia hapana, nikaenda zangu.

Asubuhi jumbe wetu, aliyesikia nimemkatalia daktari, akanifuata. Jumbe ni mtu mwema kama boma haliangalii. Boma likiangalia anakuwa mjeledi wenye kofia. Alinisukuma mpaka mbele ya hema, watu wakakusanyika, bibi akaja na mchi wake mkononi kwa kuwa ulikuwa mkononi alipoitwa.

"Tia mkono," jumbe akasema. "Bwana Daktari anakupa heshima."

"Aanze yeye kuheshimiwa."

Watu wakaguna. Nikamgeukia daktari. "Wa kwako kwanza, Bwana Daktari. Wewe una mwili, nao ni mwanafunzi. Uupeleke shule."

Uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni. "Mimi siwezi. Nikiugua, nani atatazama kwenye hadubini?"

"Umenionyesha jana. Nitakutazama mimi, mchana na usiku."

"Nina kazi."

"Na mimi nina shule."

"Mtoto huyu ana mdomo," jumbe akasema.

"Na mkono pia," bibi akasema, "na wote ni wake. Papasi wa Kondoa wana watu wao. Waende wakawanyonye."

"Bibi, nyamaza."

"Ninyamaze? Nimekubeba mgongoni ukanikojolea, leo uniambie ninyamaze?"

Kicheko kilipita, na jumbe akaona heshima yake inakwenda nacho. Akasema kwa sauti ya boma: mkono sandukuni, au kiboko. Alidhani ametoa amri. Mimi nilisikia ameniuliza nichague, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, wala shuleni wala nyumbani. Kiboko nakijua. Kinauma, kinaisha. Aliyepigwa kiboko anaweza kusema kwa hakika kwamba atapona, wala hasemi "wengi".

"Kiboko," nikasema, nikalala chini mwenyewe kabla hawajanishika.

Sitaeleza. Nilipiga kelele, anayesema hakupiga kelele hakupigwa. Lakini mikono yote miwili niliilalia kwa tumbo, na kila kiboko kiliposhuka niliikandamiza zaidi.

Daktari alimzuia jumbe kabla hajamaliza. "Sikutaka apigwe," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kweli.

"Ulitaka niumwe," nikamjibu nikiwa bado mchangani.

Alifunika sanduku kwa kitambaa, kama mtu anayefunika chakula kisiingie vumbi, akaingia hemani.

Siku aliyokuwa anavunja kambi alikuja kwenye tembe letu. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya ngozi, mgongo umepakwa mafuta ya kondoo. Mlango wetu ni mfupi. Alichungulia akiwa amejikunja, kofia mkononi, sindano na kipande cha kioo mkono wa pili. Jumbe hakuwepo. Askari hakuwepo.

"Kidole tu," akasema. "Tone moja la damu baada ya homa. Halina hatari. Tafadhali."

Lilikuwa kweli halina hatari. Vidole vyangu alishavichoma mara nyingi, shuleni na hapa, na sikuwahi kulalamika, kwa sababu hakuwahi kuomba. Nilikitazama kidole changu. Nilimfikiria yule mtoto wake, na nusura nikinyooshe. Nikakikunja pamoja na wenzake.

"Hapana."

"Kwa nini? Hakiumi."

"Najua hakiumi."

"Treni ni kesho. Sitarudi hapa."

"Basi uiwahi, Bwana Daktari."

Alirudisha sindano mfukoni. Kisha akatoa kichwa. Bibi alikuwa akitwanga mtama pale pale njiani, na hakusimamisha mchi wala kusogeza kinu. Bwana Daktari akazunguka.