Vali ya Bwana Athmani

Siku yangu ya kwanza hospitalini nilimsukuma mgonjwa juu ya kitanda cha magurudumu, kichwa mbele, mbio, kama mkokoteni wa mawe. Sista mkuu akanisimamisha kwenye korido. "Wewe wa Pate! Miguu iende mbele, uso wake ubaki karibu na wako. Ukibadilika, nani atauona?" Sikukosea tena. Shule niliiacha mapema, na hata leo kuandika hunitoa jasho, lakini kazi ile niliijua, wala sioni haya kusema.

Nilianza wodi ya kawaida Amu, yaani Lamu, nikapelekwa stoo, kisha Mombasa, chumba cha moyo. Humo daktari mkuu, mtu wa bara mwenye sauti ndogo, alipitisha katheta, yaani mpira mwembamba, kwenye mshipa wa mkono au wa kinena mpaka moyoni. Akamwaga dawa ya rangi, na mishipa ikajichora kwenye skrini. Mara ya kwanza nilisahau kufunga mdomo. Moyo wa mtu unapiga mbele yangu, na mishipa ya koronari, ile inayoulisha moyo wenyewe, imeukumbatia kama mizizi. Nikasema Subhanallah kwa sauti. Hakuna aliyenicheka.

Wazee wengi walikuja na maradhi mawili pamoja. Vali ya aota, mlango ambao damu hupitia kutoka moyoni kwenda mwilini, imeota chokaa na haifunguki. Na koronari nazo zimeziba. Mwenye nguvu alipasuliwa kifua, vali ikabadilishwa na mishipa ikaundiwa njia ya pembeni, yote safari moja. Mzee dhaifu aliwekewa vali kwa katheta, na hapo madaktari walibishana: mshipa uzibuliwe kwanza au uachwe? Kuzibua ni kuweka stenti, kibomba cha wavu wa chuma. Stenti hutaka dawa za kuzuia damu kuganda, na dawa hizo humfanya mzee avuje damu upesi.

Bwana Athmani wa kisiwa cha Ndau alikuwa mmoja wao, tena alishawahi kutapika damu kwa vidonda vya tumbo. Daktari mkuu akamuuliza:

"Mzee, kifua kinabana?"

"Alhamdulillah."

"Hata ukitembea?"

"Alhamdulillah, Daktari."

Kwetu ndivyo mtu anavyojibu, hata akiwa anazama. Daktari alishika kalamu aandike kwamba hana maumivu, na mimi pia nilimwamini. Mkewe, Bi Somoe, ndiye aliyeinuka.

"Athmani, ndiyo nini hiyo? Ndia ya msikitini yote wakaa kitako, umeshika kifua! Kwa Mungu shukuru, kwa daktari sema!"

"Mwanamke, waniaibisha."

"Nikuvike sanda ndipo useme?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Bwana Athmani, kama hubanwi, mshipa huu nauacha, kwa sababu tumbo lako naliogopa. Kama unabanwa na nikauacha, moyo unaweza kusimama siku ya kuweka vali. Niambie wewe."

Mzee akatazama dari. "Chabana," akasema. "Tangu Ramadhani."

Basi stenti ikatangulia, mwanzoni mwa mshipa mkubwa wa mbele, pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Wiki kadhaa baadaye nikamsukuma tena, miguu mbele. Vali mpya ilipanda imekunjwa kama mwavuli. Ili itulie mahali pake, waliukimbiza moyo kwa umeme hadi ukashindwa kusukuma damu. Mstari wa presha ukalala. Moyo wenye njaa ya damu hushindwa kuamka hapo. Vali ikafunguka, na mstari ukainuka juu kuliko ulivyokuwa. Nikatazama uso: midomo iliyokuwa ya kijivu ilianza kuiva. Nimeona mengi, lakini hilo hadi leo hunisimamisha nywele.

Sasa nimestaafu, niko Amu. Vijana mnaoingia kazi hii, mashine zenu zinazishinda zetu, sina ubishi. Ila mtu wa visiwani msimuulize kama hajambo. Muulizeni amepumzika wapi njiani.

Juzi Bwana Athmani na Bi Somoe walinitembelea. Ngazi za nyumba yangu ni za mawe, kali, mpaka juu darini. Alipanda mbele yangu akiilaani boti iliyowaleta, mkewe nyuma yetu akimkatiza. Aliniita mara kadhaa nimuunge mkono. Mimi nilikuwa nasikiliza pumzi zake.