Bochaberi na Kompyuta Inayojizima

Mke wangu Bochaberi ni fundi, mimi ni mtu wa ndizi na majani chai. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kiogoro watu hudhani ni kinyume. Mtu akija na redio iliyokufa hunipa mimi, nami humwonyesha mwenye mikono.

Kwa miaka kumi na miwili amefanya kazi katika duka la Bwana Tarsem mjini Kisii, akifungua redio, runinga na kompyuta za watu. Vya wengine ameshavitengeneza hadi basi. Alichotaka sasa ni kuunda chake mwenyewe, kuanzia skrubu ya kwanza. Mwaka huu nafasi ikaja. Mwalimu Nyakundi, anayesimamia chumba cha kompyuta katika shule moja ya upili huko Nyaramba, aliingia dukani akitafuta kompyuta kumi. Kabla Bwana Tarsem hajafungua mdomo, Bochaberi akasema, "Mwalimu, nikuundie moja kwanza uione."

Wakakubaliana. Ailete Ijumaa, iwake saa nzima bila kusumbua. Kamati ya shule ingekaa saa kumi alasiri siku hiyohiyo. Ikiridhika, zile tisa zilizobaki ataziunda yeye. Isiporidhika, zitaagizwa Nairobi zikiwa tayari.

Alhamisi alirudi mapema na maboksi ya vifaa kutoka dukani, tukafuta meza ya sebuleni mara mbili. Nilikuwa na furaha kama mtu anayesubiri harusi. Kazi yangu ilikuwa kufungua maboksi, kuvua vifaa nailoni, na kumkabidhi kimoja kimoja. Yeye alivipachika kwenye lile bamba kubwa wanaloliita madabodi, polepole, hata kupumua nikaona anapumua kwa mpango. Jioni akabonyeza swichi. Skrini ikawaka. Tukaitazama dakika mbili, akaizima na kuifunika blanketi la mtoto.

Ijumaa saa sita tulikuwa Nyaramba. Mwalimu Nyakundi akanipa mkono, akaniita fundi. Nikamwonyesha fundi mwenyewe. Bochaberi akachomeka waya, akabonyeza, na skrini ikawaka vizuri sana. Nilikuwa nimeanza kutembea chumbani na mikono mgongoni kama mkaguzi wa shule wakati kompyuta ilipojizima. Ilikuwa dakika ya nne.

"Ni stima," nikasema haraka. Kwetu stima hubeba lawama za kila mtu. Lakini taa ya darasani ilikuwa inawaka, na mwalimu aliitazama, kisha akanitazama mimi.

Mke wangu ana tabia inayoniudhi na kunipendeza kwa pamoja: akikwama, anatulia. Aliwasha tena, akaangalia saa ya simu. Dakika tatu, ikajizima. Akahamisha waya kwenye soketi nyingine. Ikajizima. Akachomoa vijiti viwili vya kumbukumbu, akavisugua kwa kifutio, akarudisha kimoja, kisha kingine. Ikajizima na hiki, ikajizima na kile. Akaazima pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, kutoka kompyuta kuukuu ya shule, kuona kama ile mpya ndiyo mbovu. Safari hii haikumaliza hata dakika mbili.

Saa nane ikapita. Mwalimu akaanza kukohoa kama mtu mwenye neno. "Pengine duka liliuziwa vifaa vibovu," akasema.

"Pengine," Bochaberi akajibu. "Lakini sijakiona kifaa kibovu bado."

Ningekuwa yeye, ningeidaka hiyo pengine kwa mikono miwili.

Mwalimu akatuhurumia, akatupeleka jikoni kwa wapishi tupate ugali na mboga. Mimi nilikula. Yeye alimega tonge moja akaliacha, macho ukutani. Tuliporudi akawasha, akaweka simu mezani. Dakika moja, mbili, tatu, nne. Ikajizima. Nikashusha mabega, lakini mke wangu alikuwa anacheka.

"Baba Kemunto, umeona?"

"Nimeona imezima."

"Tukiiwasha hapohapo, haifiki mbali. Tumeiacha ikapumzika, imefika dakika nne tena. Stima haipumziki. Hilo ni joto."

Alishafungua ubavu wa kompyuta. Akaiwasha, akanishika mkono, akaweka kidole changu juu ya chuma cha kupoza, kile chenye feni, kinachokaa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Prosesa iko hapo chini inaungua, na chuma chake ni baridi," akasema. "Joto halipandi. Kuna kitu katikati."

Sijui kompyuta, lakini nilielewa kila neno, na mwalimu naye alikuwa ameinama karibu nasi kama mtoto. Bochaberi akazima, akashika bisibisi, akalegeza skrubu nne, akakinyanyua kile chuma na kukigeuza. Akakikwaruza chini kwa ukucha. Ikatoka karatasi ya nailoni, nyembamba, angavu, imepakwa dawa nyeupe ya kupitisha joto.

Furaha yangu ikaniishia palepale. Nailoni ile niliijua.

"Mwalimu," mke wangu akasema, "hii ilipaswa kubanduliwa kabla ya kufunga. Kosa ni langu." Hakunitazama hata kidogo.

Ilikuwa saa tisa na robo. "Mama," Mwalimu Nyakundi akasema kwa upole, "fundi akisahau kwenye moja, kwenye tisa je? Kamati nitaiambia nini?"

Niliona kidevu cha Bochaberi kikicheza, na sijawahi kukiona hivyo hata siku tulipomzika mama yake. Ningeweza kunyamaza. Mwanamume wa kwetu hapendi kujiaibisha mbele ya mwanamume mwingine.

"Mwalimu, huyu hakusahau," nikasema. "Aliniambia nivue vifaa vyote nailoni. Nilivua, lakini hicho chuma kilikuwa kinang'aa sana. Nikaona huruma. Nikamkabidhi hivyohivyo, upande huo ukiwa chini."

"Huruma ya nini?"

"Kilikuwa kipya, mwalimu. Kwetu hata makochi hayajavuliwa nailoni tangu mtoto azaliwe, na sasa ameanza darasa la tatu."

Mwalimu alinikazia macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika dawati. "Yangu nayo," akasema, akipangusa macho. "Mke wangu hataki kusikia."

Bochaberi hakucheka. Alikuwa anafuta dawa ya zamani na kupaka mpya, haraka lakini bila papara. Saa kumi kasoro robo kompyuta iliwaka. Dakika ya nne ikapita nimeshika pumzi. Ya kumi ikapita. Kamati iliingia kompyuta ikiwa bado inawaka, ikakaa humohumo chumbani, na saa nzima ilipotimia wakampigia makofi mke wangu. Nilipiga kuliko wote, viganja vikauma.

"Hizo tisa ni zako, mama," mwalimu akasema. "Lakini utaziundia hapa, wanafunzi waone unavyofanya."

"Kesho ni Sabato," Bochaberi akajibu. "Nitaanza Jumapili."

Huko nje nikamuuliza kama nije kumbebea vyombo. Akaegemea bega langu, mbele za watu.

"Uje, Baba Kemunto," akasema. "Lakini nailoni nitavua mwenyewe."